Risala ya Wamiliki wa Ardhi ya Kinamasi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ardhi Oevu Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi mlioambatana naye,
Majirani na wanakikundi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu, na zaidi kwa kukubali kuvua viatu asubuhi hii ukatembea nasi hadi katikati ya matete. Wageni wengi huishia hapa kwenye turubai.

Tumekualika leo tarehe 2 Februari kwa sababu siku kama hii mwaka 1971, katika mji wa Ramsar nchini Iran, ndipo ulipopitishwa mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Watu wakisikia neno hifadhi hufikiria ardhi ya serikali yenye geti na askari. Kinamasi hiki hakina geti. Kimegawanyika katika hati miliki za familia zetu, na mipaka ya hati hizo inapita katikati ya maji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa miaka mingi tuliaminiana kwa maneno ya mdomo. Mzee mmoja, mwenye kipande kilicho mahali maji yanapotokea kinamasini, alituahidi kwamba hatachimba mtaro wa kuyatoa maji, na aliitunza ahadi hiyo hadi siku aliyozikwa. Warithi wakauza. Aliyenunua hakuvunja ahadi yoyote, maana yeye hakuwahi kuahidi. Alichimba mtaro mmoja tu, wa kina cha kiunoni. Kiangazi cha pili visima vya majirani vikaanza kutoa tope, na nguzo za uzio zilizo karibu na mtaro zikaanza kutokeza sehemu zilizokuwa zimefukiwa. Nguzo hazikupanda, Mheshimiwa. Ardhi ndiyo ilishuka.

Asubuhi ulishika konzi ya udongo wetu ukaukamua, maji yakakutiririka hadi kwenye kiwiko. Udongo ule ni mimea iliyokufa zamani sana ambayo haikuoza ikaisha, kwa kuwa maji yaliizuia hewa isiifikie. Ukiyatoa maji, hewa inaingia, mimea inaoza, na hewa ya ukaa inapanda angani. Udongo wa aina hii umefunika takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani, lakini umehifadhi kaboni nyingi kuliko iliyomo kwenye miti na mimea ya misitu yote ya dunia ikiwekwa pamoja. Huko Holme Fen, Uingereza, mwaka 1851 ilizamishwa nguzo ya chuma hadi kichwa chake kikawa sawa na ardhi. Baada ya maji kukaushwa, leo nguzo hiyo imesimama karibu mita 4 juu. Sisi tuliposimuliwa habari hiyo hatukustaajabu hata kidogo. Tulikuwa tumeshaziona za kwetu.

Ndipo tukaanza kujifunza juu ya mkataba wa hifadhi kwenye ardhi binafsi. Kwa lugha nyepesi, mwenye ardhi anabaki na hati yake. Anaweza kuuza, kurithisha, na kuendelea na matumizi yasiyoharibu. Anachokiachia kwa hiari ni haki chache zinazotajwa moja moja: kuchimba mitaro, kufukia, kujenga ndani ya maji. Haki hizo hukabidhiwa taasisi ya hifadhi au chombo cha umma, si ili wazitumie, bali ili wahakikishe hakuna anayezitumia. Mkataba unasajiliwa pamoja na hati, hivyo unaifuata ardhi popote iendako. Mrithi anaukuta, na mnunuzi anauona kabla hajatoa fedha. Laiti ahadi ya yule mzee ingeandikwa hivyo.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Marekani serikali huwalipa wamiliki wanaokubali ardhi oevu yao ilindwe hivyo, kwa miaka 30 au milele, na mwenye kutoa haki hizo bure kwa ajili ya hifadhi ya kudumu anaweza kupata nafuu ya kodi. Kenya, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inaruhusu mahakama kuweka masharti ya namna hii juu ya ardhi, na mwenye ardhi ana haki ya kudai fidia inayolingana na matumizi aliyoyapoteza. Fidia tunaitaja bila kuona haya. Ardhi isiyoweza kukaushwa hushuka bei sokoni, na si haki familia moja ibebe peke yake gharama ya maji yanayonywewa na wengi.

Changamoto zetu tunazijua. Kupima mipaka ndani ya maji ni kazi ngumu na ghali, na wapo wenzetu ambao hati zao bado ziko kwa majina ya marehemu. Tena mkataba usiokaguliwa ni karatasi tu: lazima hali ya kinamasi iandikwe na kupigwa picha siku ya kutia saini, kisha mtu aje kila mwaka, atembee, alinganishe. Na hata tukitia saini sote, mkataba hauwezi kumzuia aliye juu ya mto kuyageuza maji kabla hayajatufikia. Hapo tunaitegemea serikali.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba utusaidie kupata mpima ardhi na mwanasheria wa kukaa na kila familia, ikiwemo akina mama na vijana ambao majina yao hayamo kwenye hati lakini watarithi masharti haya. Tunaomba pia utufikishie kwa wahusika ombi la mfuko wa ukaguzi wa kila mwaka. Na aliyechimba mtaro yuko hapa nasi leo. Amesema yuko tayari kuuziba akipata fidia ya haki, na tunaomba mazungumzo hayo uyafungue wewe kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.