Anna Swan na futi kamba yangu

Ngamiani, Tanga
Juni 14

Shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi sana kutoka kwangu na kwa wote hapa nyumbani. Sisi hatujambo. Masika yamekatika, uzi umepanda bei, na cherehani yangu ile nyeusi bado inanisitiri. Natumai huko Halifax, Kanada, baridi imepungua na wanao wazima.

Picha uliyonitumia siku ile mlipokwenda kutembea Tatamagouche ninayo mpaka leo. Anna Swan, yule mwanamke mrefu kupita kiasi wa zama za kale, na mumewe wamesimama, na pembeni yao mtu wa kimo chetu anaonekana kama mtoto aliyevaa suti ya babake. Uliandika maneno mawili tu: "Mtazame huyu." Basi nimemtazama mwezi mzima. Nimesoma kila nilichokipata juu yake, usiku nikishamaliza kazi, na sababu yake ni mteja wangu mmoja.

Kuna binti wa miaka 13 hapa mtaani, yuko darasa la saba. Mwaka huu peke yake mamake ameniletea sketi ya shule mara tatu nifumue pindo. Mara ya tatu hapakuwa na pindo la kufumua, nikasema aje mwenyewe nimpime upya. Nikamsimamisha mlangoni penye mwanga, nikashika futi kamba kiunoni, nikaishusha. Kipimo kikawa kifupi kuliko cha sketi ya zamani. Nikapima tena, vilevile. Kumbe mtoto amekunja magoti ndani ya sketi! Kitambaa kimevimba mbele, miguu inamtetemeka kwa kuchuchumaa kidogo kidogo ili fundi asione urefu wake. Nilikaa chini, Mama Salma. Nilimwambia, "Mwanangu, simama, mimi nahitaji kipimo chako cha kweli." Akasimama, machozi yakamtoka. Sentimita 183. Shuleni wanamwita Twiga.

Usiku ule ndipo nilipoitoa tena picha yako.

Anna alizaliwa tarehe 6 Agosti 1846 huko New Annan, si mbali na hapo mlipotembea. Babake alihamia kutoka Uskoti, na Anna ni wa tatu kati ya watoto 13. Wengine wote walikuwa na kimo cha kawaida. Yeye alizaliwa na kilo 8, na alipofika miaka 15 alikuwa amepita mita 2. Urefu wake wa mwisho huandikwa mita 2.41, ingawa waendesha maonyesho wa zamani walikuwa na tabia ya kuongeza, na wako wanaotaja pungufu ya hapo.

Kilichonishika si urefu. Anna alitaka kuwa mwalimu. Alikwenda Truro kwenye chuo cha ualimu, lakini viti na meza havikumtosha, na barabarani watu walimkodolea macho mpaka akarudi kwao. Huyo ni msichana wa kijijini aliyependa kusoma, na akashindwa kwa sababu ya viti na macho ya watu! Ndipo P. T. Barnum aliyekuwa na jumba la maonyesho kule Broadway, New York, akasikia habari zake na kutuma mtu kumfuata. Mwaka 1862 Anna akaenda, na katika masharti yake palikuwa na kusomeshwa na mwalimu. Huwa nafurahi sana nikifika hapo. Alikubali kutazamwa, lakini alidai masomo yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kusimama mbele ya watu waliolipa kiingilio. Walimweka karibu na watu wafupi mno ili yeye azidi kuonekana mrefu na wao wazidi kuonekana wafupi. Lakini pia alipiga piano, akaigiza, na akatoa mihadhara juu ya historia ya watu warefu. Kwa hiyo alifundisha, ila darasa lenyewe lilikuwa limelipa tiketi.

Na kwenye matangazo walimwita "jitu". Wewe umesoma Kiswahili kuliko mimi, utanielewa. Ukishasema jitu, sarufi yote inageuka. Jitu lilikuja, jitu lilisimama, jitu lilikula. Mtu anaondolewa ndani ya sentensi. Mimi nikimsimulia Anna nasema alikuja, alisimama, alikula. Sitamwita vingine.

Tarehe 13 Julai 1865 jumba lile liliungua. Magazeti ya wakati ule yalisimulia kwamba Anna alikwama ghorofani kwa moshi, ngazi zinawaka, na mwili wake haupiti dirishani. Ikabidi ukuta wa pembeni mwa dirisha uvunjwe, akateremshwa kwa kamba na kapi, wanaume 18 wakishikilia upande wa pili. Magazeti nayo yana chumvi yake, hilo najua. Ila jumba liliungua kweli, na mara ngapi nimefikiria yale madirisha.

Mwaka 1871 alisafiri Ulaya na kikundi cha maonyesho, na ndani ya kikundi hicho alikuwemo Martin Van Buren Bates wa Kentucky, mrefu kama yeye au pungufu kidogo. Alikuwa askari wa upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kabla ya vita alikuwa mwalimu wa shule. Mwalimu! Walioana London tarehe 17 Juni 1871, katika kanisa la St Martin-in-the-Fields. Malkia Victoria alikuwa amewapokea na kuwapa zawadi. Juu ya gauni la harusi, wanaandika kwamba lilikula yadi 100 za satini na yadi 50 za lesi. Yadi 100 ni urefu wa karibu doti 30 za kanga! Kwa mkono wangu naona ni nyingi hata kwa mwili ule, lakini gauni za zama zile zilimeza kitambaa, na fundi aliyepewa kazi hiyo namwonea wivu kwa moyo mweupe.

Baadaye walinunua shamba Seville, katika jimbo la Ohio, wakajenga nyumba. Hapa nilisoma polepole. Dari la upande wao lilikuwa mita 4 na zaidi kutoka sakafuni. Milango ilikuwa mita 2 na nusu na ushei, na viti na kitanda vilitengenezwa kwa kipimo chao. Upande wa nyuma ulikuwa wa kimo cha kawaida. Fikiria mwanamke huyo, miaka nenda miaka rudi anainamia vizingiti vya watu, kisha asubuhi moja anapita mlango wake mwenyewe shingo imenyooka. Na kanisani Seville, kanisa la Kibaptisti, alifundisha watoto darasa la Jumapili. Hatimaye alipata darasa lake.

Watoto wake wawili sitaandika sana. Wa kwanza, msichana, alizaliwa amekufa mwaka 1872. Wa pili, wa kiume, alizaliwa Januari 1879 akiwa na karibu kilo 10, akaishi saa 11. Nawe wajua mimi nilivyo na habari za namna hiyo tangu mwaka ule. Katikati ya misiba hiyo na baada yake walizunguka tena na sarakasi kutafuta fedha.

Alifariki tarehe 5 Agosti 1888. Kesho yake angetimiza miaka 42. Na hapa ndipo nilipolia. Martin alipeleka vipimo vya jeneza mjini Cleveland kwa simu ya maandishi. Waliovipokea waliona haviwezekani, wakadhani aliyeandika amekosea, wakaleta jeneza la kawaida. Mazishi yakabidi yangoje jeneza jingine. Inasimuliwa kwamba Martin akaagiza na la kwake papo hapo, akaliweka, lisije likamkuta yeye jambo lile. Aliishi mpaka 1919.

Mama Salma, mimi ni fundi. Nimeletewa vipimo vya kila namna kwenye vikaratasi, na mara nyingine nimesema, "Ah, hapa wamekosea," nikakata ninavyojua mimi. Sasa sithubutu tena.

Wakati wa Anna hakuna aliyejua chanzo. Leo inajulikana kwamba mara nyingi ni kivimbe kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ndogo kama punje ya njegere. Kivimbe hicho humwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, na kikianza kabla mifupa ya mtoto haijafunga, mifupa mirefu haiachi kurefuka. Moyo unachoka, viungo vinauma. Siku hizi kuna dawa, na kuna upasuaji unaopitia puani. Nilipomweleza mama wa binti aliogopa sana, akasema, "Fundi, watu wa upande wa babake ni warefu tu." Huenda ni kweli, na namwombea Mungu iwe hivyo. Lakini mwaka jana nilimpima sentimita 171, kwenye daftari langu ipo, na daftari hilo ndilo lililomshawishi mamake. Alikwenda nalo hospitali. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, akamtoa binti damu ya kupima homoni, na amemwandikia picha ya kichwa. Majibu bado.

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja kibarazani na simu, anataka kumpiga binti video akiwa amesimama karibu na mlango wangu, eti itasambaa na mamake atapata chochote. Nilimwuliza atamlipia mwalimu? Hakunielewa. Nilimwondoa kwa maneno ambayo sitayaandika kwenye barua.

Sasa nina ombi. Kiangazi hiki mkipita tena Tatamagouche, ingia pale wanapohifadhi kumbukumbu za Anna. Kama pana vazi lake lolote, au lililoigwa, niangalizie bega lilivyoungwa na mkono, na chini kabisa uniangalizie upana wa pindo. Nataka kujua kama fundi wake alimwachia nafasi. Piga picha kwa karibu, usiwaonee haya.

Sketi mpya ya binti nimeimaliza jana. Pindo nimeacha sentimita 15, nimelishika kwa mkono ili lifumuke bila kuacha alama. Anakuja kuichukua Jumamosi, na kioo nimekipandisha juu ya ukuta, nimesimama kwenye kigoda kukitundika.

Wasalimie wote, na Salma umpe busu langu.

Shoga yako,
Fundi Mama Rukia