Tuwatuze pia vijana waungwana wa meza ya briji

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa michezo niwasemee vijana ambao majina yao hayaandikwi popote. Ninafundisha briji, ule mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili, katika klabu moja hapa Nairobi. Kila mashindano ya vijana yanapokwisha, wa kwanza hadi wa tatu wanaitwa mbele, wanapewa vikombe, wanapigwa picha, basi. Safari hii nilirudi nyumbani na uchungu, maana niliyemwona anastahili kuitwa mbele alimaliza wa tisa.

Nilikuwa nimeketi nyuma ya msichana wa miaka 16, nikiziona karata zake, nimefunga mdomo kama inavyompasa mtazamaji. Mpinzani wa kushoto kwake akanadi kopa tatu, yaani akaahidi kwamba yeye na mwenzake watashinda mizunguko tisa kati ya kumi na tatu, kopa zikiwa turufu. Zamu ikawa ya mwenza wa msichana, mvulana mdogo kuliko yeye. Mvulana akafikiri, akapeleka mkono kwenye kisanduku cha kadi za kunadia, akaurudisha, akafikiri tena, mwishowe akatoa pasi, yaani hakunadi. Mpinzani wa pili naye akatoa pasi. Sasa uamuzi ukabaki kwa msichana. Alikuwa na shupaza tano, ree ikiwemo, na karata nyingine za nguvu ya wastani. Angenadi shupaza tatu, hakuna ambaye angemshangaa. Lakini kule kusitasita kwa mwenzake kulikuwa kumeshamwambia kwamba ng'ambo ya meza kuna karata nzuri, na sheria za briji hazikuruhusu kuitumia habari ya namna hiyo. Wenza wanaambiana kwa mnada na kwa karata wanazocheza, si kwa macho, wala sauti, wala kuchelewa. Akazitazama karata zake kwa muda. Akatoa pasi.

Wapinzani wakatimiza kopa tatu zao. Karata zote zilipofunuliwa ikaonekana kwamba hata shupaza nne zingetimia. Mwenzake akaanza kulalamika: "Mbona hukunadi?" Akamjibu polepole, "Tutaongea tukinywa chai," wakaendelea na mchezo. Wakati wa chai nikamuuliza. "Mwalimu, alichelewa," akasema. "Ningenadi, ningekuwa nimenadi kwa karata zake, si kwa zangu."

Mwamuzi hakuitwa pale mezani, kwa sababu hapakuwa na kosa. Ubao wa matokeo ulionyesha hasara tu.

Siku hiyohiyo, kwenye meza nyingine, mzee wetu mmoja aliyekuja kujaza nafasi aliangusha karata, ikalala uso juu. Mikono yake inatetemeka siku hizi. Kijana aliyekuwa mpinzani wake alimwita mwamuzi, kama sheria inavyotaka, kisha akamwomba asitoe adhabu, jambo ambalo sheria hizohizo zinaliruhusu. Mwamuzi akakubali. Kijana akainuka, akafungua kabati, akaleta kile kibao cha mbao chenye mfuo wa kusimamishia karata, akakiweka mbele ya mzee bila neno. Mzee alikitumia hadi jioni.

Kuna watakaosema uungwana hauhitaji kikombe. Mimi nimefundisha watoto miaka mingi na nimeona wanavyotazama: wanahesabu tunachokipigia makofi. Na mchezo huu unajua gharama ya kupuuza jambo hili. Mwaka 2015 briji ya dunia ilitikiswa na kashfa ya udanganyifu kwenye ngazi ya juu kabisa. Boye Brogeland wa Norway alijitokeza hadharani kuwashutumu watu aliowahi kucheza nao timu moja, akatangaza kwamba anayaachia mataji aliyoshinda pamoja nao. Nilipomwona msichana wetu akitoa ile kadi ya pasi, nilimkumbuka yeye. Naye alikubali kupoteza alichoweza kukishika.

Wala sisemi jambo geni. Katika mashindano ya dunia ya vijana, Shirikisho la Briji Duniani lina tuzo yenye jina la Joan Gerard, kiongozi wa briji kutoka Marekani. Haitolewi kwa pointi. Wanaangalia uchezaji wa haki, bidii na moyo wa urafiki kati ya mataifa. Kwa nini klabu zetu zisifanye hivyo kwa kipimo chetu? Hata kitabu kizuri chenye jina la mtoto ndani yake kingetosha.

Ninachosisitiza ni namna ya kumpata mshindi. Wasichague wazazi, wala sisi walimu, tutawapendelea wetu. Waulizwe vijana wenyewe, tena kuhusu wapinzani wao: nani ungependa kukutana naye tena mezani, na kwa nini? Anayecheza dhidi yako ndiye anayejua kama unatabasamu ukishindwa na kama unamkemea mwenzako. Tuangalie pia tusimchague mtoto mkimya tu kwa kuwa hasumbui. Yule mvulana wa kibao si mkimya hata kidogo, anacheka hadi vyumba vya jirani wanamsikia. Na tuzo hii itangulie kutolewa kabla ya vikombe, sababu yake isomwe mbele ya watu wote, isije ikaonekana kifuta machozi cha walioshindwa.

Likizo ya Agosti tuna mashindano mengine. Vikaratasi vya kura nimeshavikata, viko ndani ya bahasha mezani kwangu. Nitakuletea jina litakalotoka, pamoja na sababu waliyoiandika wenzake. Naomba ulichape kando ya majina ya washindi, kwa herufi za ukubwa uleule.

Mwalimu mstaafu,
Nairobi