Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024: Chama cha Wakazi na Wenye Nyumba, Mji Mkongwe, Bagamoyo

Ndugu wanachama,

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru mliofika. Taarifa hii itabandikwa pia ubaoni, kwa sababu mwaka huu wasiofika vikaoni wamekuwa wengi kuliko waliofika.

Shughuli za kawaida mnazijua, nazipita haraka. Tumefagia pwani kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tumewazika wenzetu watatu na rambirambi zimefika. Taa mbili zimewekwa kwenye njia ya kwenda soko la samaki. Siku za tamasha la Oktoba vijana wetu walisimamia maegesho, na hakuna gari lililoziba mlango wa mtu. Uzio uliokuwa umefunga njia ya wavuvi umeondolewa. Kwa hilo nilikwenda mwenyewe mara saba, mkononi nina nakala ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kile kifungu cha 57 kinachokataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, mpaka mwenye nyumba akakubali. Sikudai hata nauli.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limesemwa sana barazani na misikitini, ila si mbele yangu: uamuzi wa kamati wa mwezi Juni kuwaandikisha uanachama wenye nyumba 14 wanaoishi Dar es Salaam.

Nawaomba mkumbuke hali ilivyokuwa. Mwaka huu Pasaka ilikuwa Machi 31, na Idd-el-Fitri ikafuata wiki ya pili ya Aprili, masika yamepamba moto. Nyumba ya tajiri mmoja wa Dar, iliyojengwa kwa ajili ya familia moja na sasa inakodishwa kwa wageni, ililaza watu 22 kwa usiku mmoja. Boza la maji liliingia saa saba za usiku, muziki ulipigwa hadi alfajiri, na shimo la choo likafurika. Maji taka yakapita mbele ya mlango wa madrasa, watoto wakavuka na viatu mkononi. Mtaa wetu hauna bomba la maji taka, kila nyumba ina shimo lake, na shimo la watu sita halibebi watu 22. Niligonga mlango ule. Mlinzi akaniambia tajiri yuko Dar. Nikapiga simu, haikupokelewa. Nikarudi nyumbani bila la kufanya, kwa kuwa yule hakuwa mwanachama, na kanuni zetu hazikumgusa.

Hapo ndipo nilipoona kwamba wakibaki nje hatutawaweza. Tuliwaita, na walipojiandikisha kila mmoja alitia saini masharti manne: idadi ya wageni isizidi uwezo wa nyumba, muziki ukome saa nne usiku, shimo linyonywe kabla ya kila sikukuu, na ukuta wa jiwe upigwe lipu ya chokaa. Hili la chokaa wengine wameliona dogo. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Ukizipiga saruji, unyevu unanaswa ndani na jiwe linamomonyoka. Mimi nimeziona kuta mbili zikienda hivyo. Siku za tamasha la Oktoba hakuna shimo lililofurika. Krismasi wawili walivunja sharti la muziki, wakaonywa kwa barua na wakaomba radhi kwa maandishi.

Nimeambiwa nimeuza mtaa. Naomba Katiba yetu isomwe: mwanachama ni "mkazi au mmiliki wa nyumba". Neno ni "au". Sikuliandika mimi, lilikuwamo kabla sijachaguliwa.

Nimeambiwa pia kwamba sikuwauliza wanachama. Niliitisha mkutano tarehe 14 Aprili, nikaitisha tena tarehe 19 Mei. Akidi ni watu 24. Mara ya kwanza walikuja 13, mara ya pili tisa, na jioni ile ile ya Mei nilipita kwenye harusi nikawaona wanachama zaidi ya 30 wamekaa. Katiba inairuhusu kamati kuamua mkutano ukikosa akidi mara mbili. Daftari la mahudhurio liko mezani, kila mtu atafute jina lake.

La tatu linaniuma zaidi. Inasemwa kwamba mpwa wangu analinda moja ya nyumba hizo. Ni kweli, na kazi hiyo aliipata mwaka 2022, kabla jambo hili halijazungumzwa. Nyumba ile ilipojadiliwa nilitoka nje ya chumba, na muhtasari unaonyesha hivyo.

Tukumbuke vilevile nani aliyeuza. Nyumba za urithi zina warithi saba au kumi, paa limeingia ndani, na hakuna mwenye fedha ya boriti. Tangu yalipoanza maneno ya kujenga bandari kubwa hapa Bagamoyo mwaka 2013, madalali hawajakauka mlangoni. Simlaumu aliyeuza. Lakini asimame aliyeuza aseme ameuza, asiseme mwenyekiti ndiye kauza. Na wanachama wa zamani wanane nao wanapangisha vyumba kwa siku, wageni wakiletwa na Airbnb. Masharti yale manne kamati inataka yawaguse na wao, na hapo ndipo kelele nyingi zilipoanzia.

Mwanachama mmoja alinitumia habari za Barcelona, ambako meya alitangaza mwezi Juni kwamba leseni za nyumba za watalii, zaidi ya 10,000, zitafikia mwisho ifikapo Novemba 2028. Akaniuliza kwa nini sisi tusifanye hivyo. Ndugu yangu, leseni hutoa serikali, chama hakina mamlaka hayo. Lakini uchungu wake naujua, maana ninao. Mwalimu na muuguzi waliokuwa wamepanga kwa mwezi wametolewa, sasa wako kata ya Nianjema, kwa kuwa chumba kinachokodishwa kwa usiku kinalipa zaidi. Usiku wa Jumanne ukipita njia ya nyuma ya Ngome Kongwe utahesabu madirisha matatu yenye taa. Mimi nimezaliwa njia hiyo. Nilizoea kusikia vinu na redio.

Kuhusu fedha. Wanachama wa zamani ni 72, na ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 29, nusu 11, wasiolipa kabisa 32, jumla ikapatikana 828,000. Wapya 14 wamelipa wote, kiingilio 100,000 na ada, jumla 1,736,000. Mapato yote 2,564,000. Matumizi: guta la taka 960,000, gari la kunyonya maji taka mara tano 450,000, taa 310,000, rambirambi 300,000, uchapaji na barua 74,000. Salio 470,000. Ada za wazee wa mtaa peke yake zisingetosha hata guta. Naona aibu kulisema hili mbele ya wanachama wapya, lakini ndivyo vitabu vinavyosema. Wapo wenye deni la miaka mitatu ambao taka zao zinachukuliwa kila Ijumaa kama kawaida. Mweka hazina amewafuata majumbani hadi anafichwa.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuonana na halmashauri kuhusu maji taka, na fedha ikipatikana tungependa kuweka mfuko mdogo wa kuwasaidia warithi kuezeka nyumba kabla dalali hajafika. Vijana wamependekeza orodha ya vyumba vya kupanga kwa mwezi, tutaiangalia. Pasaka ijayo ni Aprili 20, masika yatakuwa yameshaanza. Mashimo yakaguliwe mapema, yakiwemo ya kwetu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti