Kabla hujaongeza kifaa kingine nyumbani

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Barua yako niliipata, na ile orodha ya vitu unavyotaka kuongeza nyumbani nimeisoma yote: balbu za rangi, kufuli la mlango, mota za mapazia, roboti ya kufagia. Vitu vizuri, sikatai. Lakini vyote ni vya kutenda, na hakuna hata kimoja cha kujua. Kwa sasa nyumba yako inawaka na kuzimika ukibonyeza simu, yaani swichi imetoka ukutani ikaingia mfukoni, basi. Anayefikiri bado ni wewe.

Ningekuwa wewe, pesa ya kwanza ningeitia kwenye vihisi, yaani vifaa vinavyotambua kinachotokea nyumbani. Kihisi cha mlango ni kitu kidogo mno: upande mmoja sumaku, upande wa pili swichi inayoisikia hiyo sumaku, na betri ya duara ambayo mara nyingi hupita mwaka. Usiishie kwenye mlango wa mbele. Kibandike kwenye friji, ikikaa wazi dakika tatu upate ujumbe. Kibandike kwenye kabati la dawa, watoto wakilifungua ujue. Kihisi cha maji kiweke chini ya sinki na nyuma ya mashine ya kufulia. Hicho kinaweza kukaa miaka bila kusema neno, na siku kitakayosema utakishukuru.

Halafu plagi zinazopima umeme. Hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote, kwa sababu zinakifanya kifaa cha kawaida kieleze hali yake bila kununua kipya. Mashine ya kufulia ikipasha maji hula wati 2,000 hivi, ikizungusha nguo hula kidogo, ikimaliza hushuka karibu na sifuri. Ukiweka sharti kwamba umeme ukiwa chini ya wati 5 kwa dakika chache mfululizo kazi imekwisha, unapata taarifa nguo zikiwa bado hazijakunjamana. Hizo dakika usiziruke, maana mashine hutulia katikati ya kazi, na bila kusubiri utaitwa bure.

Sasa hili la taa za chooni ulilolalamikia, kwamba zinazimika mtu akiwa bado ndani. Kihisi chako ni cha aina ya PIR. Kinaona joto linalohama, hakimwoni mtu; ukikaa kimya, kwake umeshaondoka. Dawa yake ni kihisi cha rada ya mawimbi ya milimita, ambacho hunasa hata kifua kinavyopanda na kushuka kwa pumzi. Lakini nacho kina visa vyake. Feni ikizunguka au pazia likipepea kinadhani kuna mtu, na kwa kawaida kinataka umeme wa muda wote, betri haikitoshi. Viunganishe: PIR iwashe taa, maana ni nyepesi kushtuka, kisha rada iamue lini zizimwe.

Vihisi vikiwa vingi, usivijaze vyote kwenye Wi-Fi. Vya Zigbee, njia ya mawasiliano bila waya ya vifaa vidogo, hula betri kidogo na hupashana ujumbe vyenyewe kwa vyenyewe, ila wapitishaji ni vile vilivyochomekwa kwenye umeme tu. Vya betri hulala. Kwa hiyo chomeka plagi za Zigbee njiani kwanza, kisha uende na vihisi vya mbali. Zigbee na Wi-Fi zote zinatumia masafa ya 2.4 GHz. Ruta yako ikiwa chaneli 1, weka Zigbee kwenye 20 au 25 na hazitagombana. Na kile kijiti cha USB kinachopokea mawimbi ya Zigbee usikichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta. Matundu ya USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo. Tumia waya wa kurefushia, kikae mbali kidogo.

Uliniuliza kuhusu Matter, ile lugha ya pamoja ya vifaa vya nyumba janja. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2022, na lengo ni vifaa vya kampuni tofauti kuelewana. Ukikuta kifaa unachokitaka kina alama hiyo, chukua, lakini usitupe kinachofanya kazi kwa ajili yake.

Swali ambalo mimi huuliza kabla ya kununua chochote ni hili: intaneti ikikatika, kitaendelea kufanya kazi? Mwaka 2016 kitovu cha Revolv, kifaa cha kuunganisha na kuongoza vifaa vya nyumbani, kilizimwa na kampuni iliyokimiliki, na vifaa ambavyo watu walivilipia vikabaki mapambo. Mwaka 2022 seva za Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumba janja, nazo zikazimika ghafla. Ndiyo maana nakusihi uhamie kwenye Home Assistant, programu huria aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013, ambayo inakaa kwenye kompyuta ndogo hapohapo ndani. Iweke kwenye diski ya SSD badala ya memori kadi, kwa sababu inaandika kumbukumbu saa zote na kadi huchoka. Nakala ya akiba ihifadhi nje ya kompyuta hiyo.

Hita ya maji nimeiacha peke yake kwa makusudi. Umeandika utaichomeka kwenye plagi janja uliyonayo. Tafadhali usifanye hivyo. Hita ya wati 3,000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta ampia 13, na plagi nyingi za aina hiyo mwisho wake ni ampia 10. Itapata moto, na inaweza kuyeyuka au kuunguza nyumba wakati wewe uko kazini unafurahia grafu. Inatakiwa kontakta, yaani swichi nzito inayoendeshwa kwa umeme, yenye uwezo wa kutosha ndani ya boksi la umeme, iliyofungwa na fundi. Kifaa chako janja kiamrishe kontakta tu, mzigo wenyewe usipite humo. Fundi akifika, mwambie pia afungue swichi za taa aangalie kama waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, umefika. Swichi janja nyingi zinauhitaji, na nyumba nyingi hawakuupitisha.

Balbu za rangi zinabaki, najua umezipenda. Nunua mbili za sebuleni utosheke. Kwingine funga rilei ndogo, yaani kiswichi kinachoamrishwa na mfumo, nyuma ya swichi uliyonayo, balbu iwe ya kawaida. Balbu janja ikizimwa ukutani imekufa mpaka mtu aiwashe tena, na kama ni ya Zigbee inakata njia ya wenzake. Rilei haina tatizo hilo. Mgeni anabonyeza, taa inawaka, habari imekwisha. Shemeji asilazimike kutafuta simu ili aone njia ya jikoni! Vivyo hivyo kufuli la mlango: chukua lile linalobaki na tundu la ufunguo.

Mapazia na roboti ningeviweka mwisho kabisa. Vikija wakati nyumba tayari inajua nani yuko ndani na jua liko wapi, vitakuwa na la kufanya. Vikija leo utavibonyeza wiki mbili uchoke.

Kabla hujanunua, nichoree ramani ya nyumba hata kwa kalamu, uonyeshe soketi ziko wapi na ruta imekaa wapi, unipigie na picha ya boksi la umeme. Nitakuonyesha pa kuchomeka zile plagi za kwanza. Wasalimie watoto wote.

Ni mimi rafiki yako.