Idi Mubarak, na hasa kwenu mnaomeza dawa

Idi Mubarak jamaa zangu wa Kibokoni, Majengo, Likoni na kwengineko hapa Mombasa. Mola atutakabalie saumu zetu, na walioshindwa kufunga kwa udhuru awape afya walipe.

Leo ni siku ya kuzuru nyumba hadi nyumba, kaimati hapa, vileja na tambi pale. Nina ombi. Mkimwona mtu kakonda, msimwulize mbele za watu, "Mbona umeisha hivi?" Katoka kufunga mwezi mzima, mlitaka anenepe? Swali hilo twalijua linakoelekea. Mgeni hajafika mlangoni, jikoni washaanza kunong'ona kuwa fulani kakanyaga waya, yaani ana virusi vya UKIMWI.

Tunaoishi na virusi, dawa yenyewe wala haitusumbui. Wengi wetu siku hizi ni kidonge kimoja kwa siku, na Ramadhani hii tumekimeza usiku kwa ushauri wa daktari, saumu ikaenda vizuri. Tabu ni chupa. Ukiitia mkobani ukapanda matatu, inachachatika abiria wote wasikie. Ndiyo maana twabandua karatasi ya jina na kushindilia pamba ndani, vidonge visigongane. Yote hayo ni kwa kuogopa watu, si ugonjwa.

Na kile kikombe! Pale barazani mwenye kahawa huvisuuza vikombe vyake kwenye ndoo moja, vikazunguka kwa wazee, mabaharia na wapita njia, na hakuna anayeuliza nani kanywea kipi. Lakini nyumbani, dada wa mtu hutengewa kikombe chake cha plastiki na sahani yake, eti tahadhari. Virusi havipiti kwenye kikombe, wala sinia ya biriani, wala mkono wa Idi. Anayemeza dawa sawasawa hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa, na mama anayetumia dawa ana nafasi kubwa ya kuzaa mtoto asiye na virusi.

Serikali ya Kenya ilipotangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwaka 1999, dawa zilikuwa za wenye pesa, na hitima zilifuatana. Wengi wa waliotutoka wakati ule leo wangekuwa wanapika pilau nasi. Tuwaombee.

Kwa waajiri: sheria ya mwaka 2006 inakataza kumfukuza mtu kazi kwa sababu ya virusi, na kuna baraza maalum la kusikiliza kesi hizo. Haya tuyaache, leo sikukuu.

Wenzangu ambao tarehe ya kuchukua dawa imeangukia Idi, hesabuni vidonge leo hii. Visipofika siku ya kliniki kufunguliwa, mpigieni simu mhudumu wenu mapema.

Mimi nipo nyumbani kuanzia alasiri. Watoto waje wachukue Idi yao kabla hawajakimbilia pembea za Makadara, na mama zao wapande juu, chai ya tangawizi ipo.