Baiskeli ya mtumba nayo inastahili karatasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ununuzi wa baiskeli zilizokwisha kutumika, jambo linalowagusa wakazi wengi wa Tanga. Mji wetu ni tambarare, watu wa rika zote hupanda baiskeli, na mama aliyevaa baibui akipita na baiskeli yake Ngamiani hakuna anayegeuza shingo kumtazama. Wengi wetu hatununui baiskeli mpya. Tunanunua zile zinazoshushwa kwenye makontena kutoka Japani na Ulaya, au ile ambayo jirani ameichoka, na fedha zikishatoka mkono mmoja kuingia mwingine, biashara imekwisha, hakuna kilichoandikwa. Hilo la kutoandikiana ndilo linalonifanya nikuandikie, kwa sababu limeniondolea baiskeli na kidogo liniharibie jina.

Mimi ni muuguzi, na nikiwa zamu ya asubuhi hutoka nyumbani Makorora kabla jua halijapanda. Mwezi Machi mwaka jana baiskeli yangu ya siku nyingi ilikatika fremu karibu na shingo, mahali palipokwisha kuchomelewa mara mbili, nikaona sasa ninunue nyingine. Nilikwenda na mjomba wangu, ambaye alianza kutengeneza baiskeli kabla mimi sijaanza shule. Tulifika kwa muuzaji aliyekuwa amezipanga baiskeli zipatazo ishirini kando ya barabara, nami nikavutiwa na moja ya Kijapani, ya kijani, yenye kikapu mbele, keria imara nyuma na taa inayowaka kwa dainamo.

Mjomba hakujishughulisha na rangi. Aliniambia, “Nishikie hapo kwenye tandiko, mwanangu,” akalizungusha gurudumu la nyuma huku ameegemeza njiti ya kiberiti kwenye fremu, ncha yake ikikaribia ringi, ili aone kama ringi inacheza. Haikucheza. Akalitikisa gurudumu upande kwa upande kusikiliza kama gololi za ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, zimelika, akashika mikono yote miwili ya pedeli na kuivuta, kisha akabana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, kidole chake kikiwa kwenye shingo ya usukani. Akasimama mbele hatua chache, akafumba jicho moja kuona kama magurudumu mawili yamo katika mstari mmoja, kwani baiskeli iliyowahi kugonga kitu huonekana kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele, ambao huwa umerudi nyuma, na rangi iliyo chini ya shingo huwa imejikunja au kupasuka. Kisha alifanya jambo ambalo ningependa kila mnunuzi wa mwambao alijue: alilegeza nati, akalichomoa tandiko pamoja na bomba lake, akamulika ndani ya fremu kwa tochi ya simu. Hewa yetu ina chumvi, na kutu ya huku hula chuma kuanzia ndani, hata fremu inayong’aa kwa nje ikawa imebaki ganda.

Cheni aliipima kwa futi kamba. Vipande 24 vya cheni mpya ni inchi 12 kamili, na cheni iliyotumika sana hurefuka kwa sababu pini zake zimelika. Hii ilikuwa imepita inchi 12 kwa kama sehemu moja ya nane ya inchi, naye akamweleza muuzaji kwamba cheni ya namna hiyo huwa imekwisha kuharibu na meno ya sproketi, kwa hiyo vyote viwili vitabadilishwa na gharama yake itoke kwenye bei. Alisoma pia maandishi ya ubavuni mwa tairi. Wengi hawajui kwamba tairi iliyoandikwa 26 x 1 3/8, ambayo ndiyo ya baiskeli nyingi za Kijapani, hukaa kwenye ringi ya milimita 590, ilhali iliyoandikwa 26 x 1.95 ni ya ringi ya milimita 559, hivyo mtu anayeuliza dukani “tairi ya ishirini na sita” tu anaweza kufika nyumbani na tairi isiyoingia. Tulianzia shilingi 160,000 tukamalizia 130,000. Nililipa fedha taslimu, muuzaji akanishukuru, nikaondoka nimeipanda.

Saa nzima tuliimaliza pale, na katika saa hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyeigeuza baiskeli chini juu kuitazama namba ya fremu.

Kwa wasioifahamu, karibu kila baiskeli ya kiwandani huwa na namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, mara nyingi chini ya kitovu cha pedeli, na nyingine kwenye bomba la tandiko au shingoni. Niliiona namba ya baiskeli yangu kwa mara ya kwanza mwezi Oktoba, siku ambayo kijana mmoja alinisimamisha nje ya soko, akaniamkia kwa adabu, akasema, “Samahani mama, baiskeli hii ni ya mama yangu. Iliibwa Februari.” Nilikasirika. Nilimwambia nimeinunua kwa fedha yangu mchana kweupe. Hakubishana nami, aliniomba tu tuigeuze. Chini ya kitovu palikuwa pamepigwa tupa na kupakwa rangi nyeusi, lakini aliyepiga tupa alikuwa na haraka, kwa hiyo tarakimu tatu za mwisho zilikuwa bado zinasomeka. Kijana akafungua simu yake akanionyesha picha ya karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ambayo mama yake alipewa siku aliyoinunua, na tarakimu tatu za mwisho zilikuwa zilezile. Akanionyesha na waya wa shaba uliofungwa chini ya keria, ambao baba yake aliufunga mwenyewe, na ambao mimi nilikuwa nikiuosha kila Jumapili bila kujiuliza umetoka wapi.

Tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa na kisha polisi. Niseme wazi kwamba sikudhalilishwa na mtu, lakini swali nililoulizwa lilikuwa moja na sikuwa na jibu lake: una nini cha kuonyesha kwamba uliinunua? Muuzaji sikumjua kwa jina, na pale barabarani hakuwapo tena. Hata ningemlipa kwa simu, ujumbe wa malipo ungebaki na jina la aliyepokea, lakini nililipa noti. Afisa alinieleza kwa upole kwamba Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 311, inamhusu mtu anayepokea mali ya wizi huku akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, na kifungu cha 312 kinamhusu mtu aliyekutwa na mali inayoshukiwa kuwa ya wizi akashindwa kueleza kwa kuridhisha aliipataje. Mimi, niliyekwenda sokoni na mjomba wangu na futi kamba, nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri kuaminiwa. Nashukuru kwamba niliaminiwa. Baiskeli niliiacha pale, na ilikuwa haki niiache, kwa maana aliyeniuzia hakuwa na haki ya kunipa kitu kisichokuwa chake.

Nimekaa nikilifikiria jambo hili tangu siku hiyo. Mtu akiuza kiwanja, hata kidogo, wanaitwa mashahidi na karatasi inapigwa mhuri. Pikipiki ina kadi yake. Ng’ombe hasafirishwi kutoka mnadani bila kibali. Baiskeli, ambayo kwa familia nyingi ndiyo chombo pekee cha usafiri na mara nyingine ndiyo kazi yenyewe, inauzwa kwa neno la mdomo. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tumelishika neno hilo kwa duka na shamba tukaisahau baiskeli.

Kule zinakotoka nyingi ya baiskeli hizi hali ni nyingine. Tangu mwaka 1994 sheria ya Japani inamtaka mwenye baiskeli aiandikishe, na ndiyo maana kwenye fremu nyingi tunazouziwa bado kumebandikwa kikaratasi kidogo chenye maandishi ya Kijapani na namba. Watoto wetu hukibandua kwa kucha wakidhani ni urembo. Kikaratasi hicho hakiwezi kumsaidia mtu wa Tanga kumpata mwizi wa Tanga, lakini kinaonyesha kwamba chombo hiki kiliwahi kuhesabiwa kuwa mali ya mtu. Niongeze hapa tahadhari ya haki kwa wauzaji: kufuli ya gurudumu la nyuma iliyovunjwa, peke yake, si ushahidi wa wizi, kwa kuwa baiskeli nyingi za Japani ni zile zilizotelekezwa mitaani na kwenye vituo vya treni, zikakusanywa na manispaa za huko bila funguo zake. Namba iliyopigwa tupa ni jambo jingine kabisa. Hakuna mtu mwenye nia njema anayehangaika kufuta namba, na mnunuzi akikuta hivyo aiache hiyo baiskeli hata kama bei ni nusu.

Ninachoomba, mhariri, ni kitu chepesi. Kwanza, muuzaji wa baiskeli za mtumba, awe na duka au awe kando ya barabara, ampe kila mnunuzi karatasi yenye tarehe, bei, jina lake, namba yake ya simu na namba ya fremu iliyosomwa na wote wawili. Anayeuziana na jirani afanye vivyo hivyo, na hapo ionekane na namba ya kitambulisho. Pili, kila ofisi ya serikali ya mtaa iweke daftari la kawaida la kaunta, ambamo mwenye baiskeli ataandikiwa jina na namba ya fremu, na ambamo baiskeli iliyoibwa itaandikwa kwa wino mwekundu siku ileile taarifa inapofika, ili anayetaka kununua apite kuuliza kwanza.

Nilipolieleza wazo hili kwa majirani, mzee mmoja alitikisa kichwa, akanikumbusha enzi za leseni ya baiskeli, watu walipokuwa wakipita njia za panya kumkwepa karani wa ushuru. Hofu yake ninaielewa na sitaki kuidharau. Ndiyo maana nasisitiza kwamba daftari hili lisiwe na ada hata ya shilingi mia, kwa sababu siku litakapowekewa ada, watu watalikimbia, na waliokusudiwa kulindwa nalo ndio watakaobaki nje. Wauzaji wengine waliniambia wateja wao hawana muda wa kuandikishana. Mimi nilikuwa na muda wa kupima cheni.

Mwezi Januari nilinunua baiskeli nyingine, ya Kichina, ya chuma kizito, kwa mwanamke wa Mikanjuni ambaye mumewe amehamia Muheza. Tuliigeuza kabla hatujataja bei. Namba ilikuwa safi, tukaiandika mara mbili, mjomba akaweka sahihi kama shahidi, na nakala yangu nimeiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya wanangu. Siku iliyofuata nilinunua daftari la kaunta nikalipeleka kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, naye akalipokea na kuliweka mezani pake. Hadi ninapoandika barua hii lina majina kumi na moja. La kumi na moja ni la yule kijana wa sokoni, aliyekuja kutoka mtaa wa pili kumwandikishia mama yake ile ya kijani, na kwa kuwa namba kwenye fremu haikutimia, karani aliandika tarakimu tatu zilizobaki na pembeni akaongeza: “waya wa shaba chini ya keria.”

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Muuguzi, Makorora, Tanga