Jangwa lile lataka skrini kubwa

Mhariri,

Juzi nilirudia kuitazama Lawrence of Arabia, filamu ya David Lean ya mwaka 1962. Inapita saa tatu na nusu, lakini sikubanduka kitini. Pale kisimani, nukta nyeusi inatetemeka kwenye mazigazi, inakua polepole, mpaka inakuwa mtu juu ya ngamia: mwigizaji Omar Sharif. Hakuna muziki. Nani leo angethubutu kumsubirisha mtazamaji hivyo? Na jangwa ni la kweli, Wadi Rum ya Jordan ikiwemo. Faisal, mwana wa mfalme wa Kiarabu, kuchezwa na Mwingereza, Alec Guinness, kunaniudhi mpaka leo. Hata hivyo, naziomba kumbi zetu ziionyeshe, maana kwenye simu ile nukta haionekani kabisa.

Msomaji wenu,
Tanga